Aliyevaliwa Angali Hai

Kamina, tarehe 4 Februari 2024

Kwa Mwepu Marc, mjukuu wangu na mume mwenza,

Simu yako ilikatika uliposema "televisheni", na tangu hapo mke wetu Mama Kabedi ananisumbua kana kwamba mimi ndiye niliyeukata mtandao. Kwa hiyo nakuandikia. Muteba wa reli anakwenda Lubumbashi kwa treni ya wiki hii, na atakupa barua hii mkononi.

Kama nilisikia vizuri, umepewa kucheza mzee katika tamthilia, wewe ambaye hata ndevu hazijakubali kukaa usoni pako. Nimefurahi. Pia nimeogopa kidogo, na kwa kuwa nimefundisha maisha yangu yote, siwezi kuogopa bila kueleza sababu.

Kumbuka matanga ya babu yako Kanyinda, kaka yangu. Watu wa Lubumbashi wanaokucheka jukwaani unapojiita Marc Matanga wanadhani jina hilo ni mzaha tu. Waeleze siku moja. Kwetu mzee akifa, mjukuu ndiye anayemvaa. Anachukua koti la marehemu, kofia yake na viatu vyake, anatembea kama yeye katikati ya waliao, anakohoa kama yeye, anagomba kama yeye, mpaka waliao wacheke. Huo si utovu wa adabu. Mtoto wa marehemu hawezi kuifanya kazi hiyo, maana yeye yumo ndani ya msiba. Mjukuu anaweza, kwa sababu kati ya babu na mjukuu kuna utani tangu siku ya kuzaliwa, na utani hauzikwi na mtu.

Wewe ulikuwa bado sekondari. Uliingia ndani ya viatu vya Kanyinda, vile vya reli vyenye chuma mbele, ukapita kati ya wanawake, ukasimama mbele ya mjane. Ulikuna tu sikio kwa kidole cha mwisho, kama alivyokuwa akifanya Kanyinda kila alipotaka kuomba msamaha bila kuuomba. Mjane akasema, kwa sauti yake ya kila siku: "Ikala chini ukule, chakula inapoa." Kisha akakumbuka. Ua mzima ulicheka, halafu ukalia kwa namna nyingine, nyepesi zaidi. Nimesoma vitabu vingi, Mwepu, na mpaka leo sijui nilichokiona pale. Najua tu kwamba kaka yangu alipita kwetu kwa muda mfupi, na alipitia kwako.

Baadaye familia nyingine zikakuita, kisha ukumbi wa parokia, kisha Lubumbashi na jukwaa lenye taa. Jukwaani unasimulia, unakopa sauti za watu na kuzirudisha. Hilo halina shida. Lakini televisheni, naelewa, inataka mwili mzima. Basi ukumbuke mpaka wetu. Sauti ya mtu aliye hai unaweza kuikopa. Mwili wake pamoja na nguo zake, hapana. Wazee wetu waliamini kwamba kumvaa aliye hai ni kumwitia kaburi. Mimi siamini kila walichoamini, ila mpaka huu sijawahi kumwona mtu akiuvuka, na sitaki wa kwanza awe wewe.

Mtafute mzee wako kati ya waliolala. Mama Kabedi ananiamuru niandike maneno yake kama yalivyo: "Ambia bwana yangu mudogo, asipotuma kitenge minyi nitamuacha, nitabakia na huyu muzee."

Nkambo wako,
Banza Kazadi, mwalimu mstaafu


Lubumbashi, tarehe 17 Machi 2024

Nkambo, Eyo Vidye, kama tunavyowaamkia wakubwa kwetu,

Mwambie mke wetu kitenge kiko njiani. Mwambie pia afikirie vizuri: wewe umezeeka, mimi niko kwenye televisheni.

Tamthilia inaitwa Kiwanja cha Mzee. Mzee Donatien amepangisha vyumba vyote vya nyumba yake mpaka yeye na mkewe wakabaki kulala sebuleni. Wapangaji wanagombana, wanadanganyana, wanakimbilia kwake awaamue. Yeye hasemi sana. Hapo ndipo nilipokaribia kufukuzwa.

Mwongozaji wetu ni Mama Carine, mwembamba, hacheki. Siku ya kwanza niliingia na vichekesho vyangu vyote. Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika. Mama Carine akangoja wamalize, akasema: "Marc, uko unatumika na kinywa tu. Toka shingo mpaka chini, hauko. Naona koti inatembea yenyewe."

Nikamjibu: "Mama, basi tuulize koti kama inajua kusema texte."

Wakacheka tena. Yeye akafunga daftari lake. "Kesho unyamaze. Ukishindwa, niko na mwengine."

Nkambo, wewe hujawahi kusimama jukwaani, kwa hiyo leo acha mimi nikueleze. Kwetu wachekeshaji ukimya ni shimo. Watu wakinyamaza unajua umeanguka, na unatupa maneno haraka haraka kama mtu anayetupa majani juu ya tope ili apate pa kukanyaga. Sasa naambiwa nisimame ndani ya shimo lenyewe, nikae, nipumue.

Nilimjaribu babu Kanyinda. Akatoka mtu wa reli anayepiga kelele kwenye kituo. Nikajaribu wengine wote niliowavaa kwenye matanga ya Kamina. Ndipo nilipogundua kwamba wafu wangu wote ni watu wa kelele. Labda ndiyo maana walikuwa rahisi.

Kisha asubuhi moja nikaacha kutafuta. Niliketi kwenye kiti cha Mzee, mpangaji akaanza kunidanganya kuhusu pesa ya maji, nami nikangoja. Sikumkatiza. Nikamwacha aseme uongo wake mpaka uongo wenyewe ukachoka. Mama Carine hakusema "kata". Kamera ikaendelea. Mpangaji, ambaye ni mwigizaji wa miaka mingi, alianza kutokwa jasho la kweli. Baadaye Mama Carine alinijia na kuuliza polepole: "Ni nani huyu?"

"Mzee Donatien."

"Unanidanganya. Huyu muntu iko na baba na mama yake."

Nimebaki na kazi. Usiniulize nilimpata wapi, ni mambo ya ufundi.

Nkambo, baridi ya Juni inakuja, na chumba changu kinapitisha upepo. Lile koti lako la kahawia lenye kiraka kwenye kiwiko, bado unalihitaji? Lingenifaa.

Mshindani wako,
Mwepu


Kamina, tarehe 9 Juni 2024

Mwepu,

Koti linakuja na Muteba. Mama Kabedi alilifua na kulianika, kisha akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena, kama mtu anayemsafirisha mtoto. Usimwambie nimekuambia.

Mimi silihitaji. Siku hizi limekuwa pana kwangu, na silijazi tena mabegani. Nguo inapaswa kuwa na mtu ndani yake. Livae asubuhi, baridi ya Lubumbashi huingilia kifuani, na kifua ni kitu cha kulinda ungali kijana.

Barua yako niliwasomea jirani. Niliporudia pale Mama Carine alipouliza "ni nani huyu", nilifikiri: amempata mmoja wa wazee wa Mulongo, wale wavuvi wa mtoni waliokaa kimya mtumbwini mpaka samaki wakawasahau. Nimejaribu kukisia ni yupi. Usinipe jibu. Nitamtambua mwenyewe siku ya kuonyeshwa.

Hapa sote hatujambo. Nina kikohozi kidogo cha vumbi.

Nkambo wako,
Banza


Kamina, tarehe 21 Julai 2024

Mwepu,

Sijui nianzie wapi, nami si mtu wa kukosa pa kuanzia.

Jumanne nilikuwa uani nikichambua maharage. Nikasikia kilio cha msiba kikipanda kutoka barabarani. Nikamwambia Mama Kabedi kwamba kuna mtu amekufa jirani, tukavaa viatu ili tukasaidie. Mara lango likafunguka, na kilio kikaingia kwetu.

Mbele alikuwa Phébé, yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa. Alikuwa ametoka Kabongo kwa pikipiki, kitambaa kimefungwa kiunoni, machozi yamechora njia katika vumbi la uso wake. Nyuma yake walikuja wanawake na unga na kuku. Aliponiona alisimama ghafla, waliomfuata wakagongana.

"Banza?"

"Yaya."

"Unafanya nini hapa?"

"Nachambua maharage."

"Minyi ninalia tangu Kabongo! Weye ulikufaka!"

"Nani aliniua?"

"Mwepu alikuvaa! Bantu bote banaona mu televizyo! Mikono ku mugongo, anaangalia muntu juu ya malunete ya macho, anangoja. Na koti yako! Ile koti njo yako, ao haiko yako?"

"Iko yangu. Nilimutumia juu ya baridi."

"Juu ya baridi!" Akawageukia wanawake. "Munasikia? Juu ya baridi!"

Mmoja akauliza kama kuku warudi au wapikwe. Mama Kabedi alikuwa ameketi chini, akicheka na kutetemeka kwa pamoja. "Bapikwe," alisema. "Muntu alifufuka, hatuwezi kumupokea na maharage."

Jirani yetu Gisèle, mke wa askari wa kambi, alitokea kuuliza nani amekufa. Yeye ni mtu wa Mbandaka, huko chini kwenye mto mkubwa. Alipoelezwa alishika kiuno: "Nyinyi bantu ya Kamina munaliaka film? Kwetu muntu anakufa mu film, sisi tunaendelea kukula."

Lakini kosa lao nalielewa, na nitakueleza ingawa unalijua. Watu hawa hawajawahi kumwona Mwepu amevaa mwili wa mtu na koti la mtu huyo ila mtu mwenyewe akiwa jenezani. Wamekuona hivyo tangu ulipokuwa sekondari. Wangefikiri nini tena?

Sasa ujumbe niliopewa nikuandikie. Phébé na wazee wa ukoo walikaa siku iliyofuata. Wanasema umevuka mpaka. Wanasema uache tamthilia, uje na mbuzi, koti lichomwe, na usinivae tena mbele ya kamera yoyote. Wanasema wanaogopa kwa ajili yangu. Nimekufikishia.

Yanayofuata hawakunituma.

Gisèle alitukaribisha kwake kutazama. Nilikaa mbele. Mlango ukafunguka kwenye kioo cha televisheni, akaingia mtu akitembea huku ametupa mgongo. Mwepu, mimi ni mtu wa miaka sabini na sita. Uso wangu naujua, kioo kimenionyesha. Mgongo wangu sijawahi kukutana nao. Niliuona siku hiyo: bega la kushoto limeshuka kidogo, bega la ubao na chaki, shingo imesogea mbele kama mtu anayetaka kusikia mwanafunzi wa mwisho kule nyuma. Kisha mzee yule aliketi na kumngoja mtu amalize kudanganya, na nikaona kwamba kungoja kwangu, ambako siku zote nilidhani ni uvivu wa ulimi, kumbe ni kazi. Nilitaka kusimama kwa heshima, kama tunavyosimama mgeni akiingia darasani. Nikavua kofia badala yake.

Kila mtu hapa Kamina huvaliwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona. Mimi nimeona. Sijui ni nani mwingine duniani amepewa hilo.

Kwa nini hukuniambia?

Banza


Lubumbashi, tarehe 11 Agosti 2024

Nkambo,

Sikukuambia kwa sababu ungesema hapana, na ungesema kweli. Mtu wa kimya ninayemjua ni mmoja tu. Nilipovunja kitu nyumbani kwenu hukunipiga wala hukuniuliza. Uliketi. Nilisimulia mbuzi aliyeingia dirishani, upepo, mwizi, na wewe ulikuwa ukinitazama juu ya miwani, unangoja mpaka mbuzi, upepo na mwizi wote wakaondoka, nikabaki mimi. Ndiye mtu huyo niliyemkalisha kwenye kiti cha Mzee. Nilijiambia nakopa kungoja tu. Kisha nikakopa mabega. Kisha nikaomba koti na kukudanganya habari ya baridi, na wewe kwa mara ya kwanza hukungoja, ulinitumia.

Sasa Émerence amenipigia simu kutoka hapo Kamina. Dada yangu hajui kunong'ona, alikuwa analia. Anasema uko hospitali tangu wiki iliyofuata kilio kile, miguu imevimba na pumzi haitoshi. Anasema dada yako Phébé amekaa mlangoni na kumwambia kila anayeingia kwamba nimekuita huko upande wa pili na umeanza kuitika.

Kuna jambo jingine nililokuficha. Mwisho wa tamthilia Mzee Donatien anakufa. Niliujua mwisho huo tangu mwanzo. Sehemu hiyo bado hatujaipiga picha.

Jana nilimwambia Mama Carine naacha. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama kuna mtu mwingine anayeweza kulivaa koti hilo ili amalizie. Nikasema hakuna. Akasema: "Basi tulifanya kazi ya miezi hii yote ya bure, sisi bote," akaenda kukaa ndani ya gari. Wenzangu hawanisemeshi. Baada ya hili hakuna atakayenipa kazi mbele ya kamera tena, na wana haki. Nitarudi kwenye majukwaa ya baa kukopa sauti.

Nakuja na mbuzi. Usiende popote.

Mwepu


Kamina, hospitalini, tarehe 25 Agosti 2024

Mwepu,

Mbuzi mwache alipo, na wewe kaa ulipo mpaka umalize kusoma.

Moyo ni pampu. Misuli yake ikichoka, haisukumi damu yote, na maji yanabaki nyuma, miguuni na mapafuni, kama bonde ambalo mfereji wake umeziba. Hivyo ndivyo daktari alivyonieleza, nami nimekurahisishia. Sasa sikiliza tarehe, maana tarehe haina upande. Alinieleza hayo katika wiki ya Jumatano ya Majivu, mwezi wa Februari. Koti lilikuwa bado linaning'inia msumarini kwangu. Wewe ulikuwa bado unatikisa kamera kwa vichekesho. Kikohozi cha vumbi nilichokuandikia hakikuwa cha vumbi. Koti lilinizidi kwa sababu nilikuwa nakonda.

Nilificha kwa kuwa ungeacha kazi na kuja. Wewe ulificha kwa kuwa ningekukataza. Tulidhani tunalindana, kumbe tulikuwa tunamwandalia Phébé kiti cha kukaa mlangoni.

Nimemwambia yeye pia habari ya tarehe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajibu: "Ugonjwa ilisikia mbele. Ilijua unakuja kuvaliwa, ikatangulia." Nimefundisha vijana kufikiri kwa hoja, Mwepu, na sina jibu la hoja kama hiyo. Yeye anaogopa kumzika mdogo wake. Hoja ya kweli ndiyo hiyo, na ni nzito kuliko zangu.

Lakini neno langu ni hili, na nimelisema mbele yake na mbele ya Mama Kabedi. Anayevaliwa ni mimi. Kifo changu, kabla hakijawa cha ukoo, ni changu. Mimi ninakubali. Ikiwa kuna mpaka, nimekuja mwenyewe kukusimamia upande wa pili ili uvuke.

Rudi kwa Mama Carine. Mwombe radhi kwa kumkalisha ndani ya gari. Umcheze Mzee mpaka mwisho, na usimwonee huruma kwa ajili yangu. Nimeona mgongo wangu. Nimebakiza kuona jambo moja, na watu wote waliozaliwa kabla yangu wamelikosa. Usininyime.

Phébé anasema nikifa kabla, atakuja Lubumbashi kwa miguu akutafute. Namwamini.

Banza


Kamina, tarehe 1 Desemba 2024

Mwepu,

Niko nyumbani, nakunywa dawa, napumua. Miguu imerudi kuwa miguu.

Tumemwona Mzee akifa. Gisèle alitoa televisheni yake nje, kwa kuwa chumba kisingetutosha. Ukoo wote ulikuwepo. Askari wa kambi walisimama nyuma na wake zao. Phébé hakutaka kuja. Alisema hatatazama, kisha akaja na kukaa akiipa televisheni mgongo, ili atazame nyuso zetu badala yake.

Nilidhani utaniangusha sakafuni, utanikohoza. Hukufanya hivyo. Wapangaji wanagombania ndoo za maji, mkewe Mzee anawacheka huku anapukuchua mahindi, na Mzee anamtazama mkewe. Basi. Anamtazama juu ya miwani jinsi mke anavyocheka, na kwa mara ya kwanza katika tamthilia nzima hangoji kitu. Kisha mkono uliokuwa juu ya goti unafunguka, na ugomvi wa ndoo unaendelea.

Sijui wengine waliona nini. Mimi niliona macho ambayo mtu hawezi kuyaona akiwa ndiye mwenye nayo. Nilikuwa sijui kwamba nina macho hayo. Nilihisi Mama Kabedi amenigeukia, akasema polepole, si kwa utani: "Vile njo unaniangaliaka. Tangu zamani. Ulifikiri sionake?"

Nilikaa na mwanamke huyu miaka yote hiyo nikidhani sijamwambia.

Ndipo Phébé alipogeuka kutazama. Kioo kilikuwa kimeshaanza kuandika majina. Alisimama, sote tukangoja, hata Gisèle akazima sauti. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa ni hukumu, na wazee wameipokea:

"Banza, mutoto alikuvaa, na alikuvaa muzuri kupita bengine bote. Ile kazi iliisha. Kwetu muntu anavaliwa mara moja tu. Siku utakufa ya kweli, hakuna muntu atakuvaa. Hatutacheka. Mwepu atakuja bila viatu yako, bila kofia yako, ataikala chini na sisi wanaolia, na atalia sawa mutoto yeyote."

Mbuzi hamtaki tena. Koti amesema libaki kwako.

Naona hukumu ni ya haki. Nimekuwa na matanga yangu nikiwa nimeketi, nimeshiba, mke wangu kando. Siwezi kudai mengine. Bei utailipa wewe. Umezika wazee wengi wa Kamina, Mwepu, na katika mazishi yote hayo ulikuwa kazini. Sijawahi kuliona chozi lako. Sijui kama unajua linatoka wapi. Mama Carine alikufundisha kunyamaza, nawe ulidhani huwezi. Na hili pia lina mwanzo wake. Anza kujifunza, ningali nipo wa kuulizwa maswali.

Nkambo wako,
Banza


Lubumbashi, tarehe 15 Desemba 2024

Nkambo,

Barua yako niliisomea kazini, nikaikunja, nikatoka kwenda kununua mkate.

Tangu Mzee afe siwezi kuvuka barabara. Watu wananishika mkono: "Pole, Muzee, ulitufia!" Mimi hujibu: "Aksanti, lakini huko mbinguni hakuna pesa ya maji," wanacheka, napita. Jana mama mmoja muuza mihogo alinishika mkono hivyo hivyo. "Pole," akasema. "Ulikuwa sawa baba yangu." Nikafungua kinywa nimpe jibu langu.

Halikutoka. Nilisimama mbele ya mihogo yake nikakuona umeketi hapo uani, hai, unakunywa dawa, na nikaona pia kile kiti siku ambayo hutakuwa juu yake, na mimi sina kofia ya kuvaa wala sauti ya kukopa. Nikaanza kulia. Niliketi chini palepale, pembeni ya barabara.

Watu walikusanyika. Mtu akasema, "Ni Marc Matanga, anacheza!" Wakaanza kucheka, wakatoa simu, wakapiga makofi. Nilijaribu kuwaambia siyo mchezo na pumzi haikunitosha. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyocheka. Mama wa mihogo peke yake hakucheka. Alikuwa akiwafukuza kwa ufagio: "Mutoke! Hamuone muntu analia?"

Treni ikitoka wiki hii niko ndani yake. Nimeanza, Nkambo.

Mwepu